Ulongi tatu, maji yale yale

Wengi wasioipenda chai ya ulongi waliionja mara moja tu. Walinunua pakiti moja, wakaichemsha kwenye sufuria kama chai ya rangi, ikatoka chungu au ikatoka kama maji ya majani, wakaiacha. Kwenye pakiti huandikwa Oolong. Mimi naiandika tunavyoitamka. Na hukumu hiyo si ya haki, kwa sababu ulongi si ladha moja. Baozhong ya kaskazini mwa Taiwan hunukia maua na majani mabichi yenye umande. Rou Gui ya milima ya Wuyi, mkoa wa Fujian nchini China, hunukia mkaa na gome la mdalasini. Zote mbili ni ulongi, na aliyeonja moja bado hajaijua nyingine.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: usinunue gramu 100 za aina moja. Nunua gramu 25 za aina tatu zilizo mbali mbali, uziweke mezani pamoja, uzimiminie maji ya birika moja kwa wakati mmoja. Kikombe kimoja peke yake hakina cha kulinganishwa nacho, na ulimi usio na cha kulinganisha hubabaika. Ukiwa na vitatu, tofauti hujitokeza zenyewe.

Jani moja, njia mbili

Mmea ni ule ule unaolimwa Kericho, Mufindi na Rungwe: Camellia sinensis. Kinachobadilika ni yanayofanyika baada ya kuchuma. Ndizi mbichi ikimenywa ikaachwa kwenye sinia hugeuka nyeusi, kwa kuwa utomvu wake umekutana na hewa. Jani la chai likipondeka hufanya vivyo hivyo, na ndio uoksidishaji. Chai ya kijani hupigwa moto mapema ili hilo lisitokee. Chai nyeusi tuliyoizoea, inayopita kwenye mashine za CTC za kuponda, kurarua na kusokota, huachwa iende hadi mwisho. Ulongi husimamishwa njiani, na njia hiyo ni ndefu: Baozhong husimamishwa karibu na asilimia 10, Dongfang Meiren, nayo ya Taiwan, huvuka asilimia 60.

Mchumaji wa ulongi hachukui ncha changa peke yake. Husubiri chipukizi lifunguke, kisha huchuma kikonyo chenye majani matatu au manne yaliyokomaa kidogo, maana jani changa mno hupasuka likitikiswa na huacha ukakasi mwingi. Majani hunyaushwa juani, huingizwa ndani, hutikiswa kwenye nyungo za mianzi, hupumzishwa, hutikiswa tena, mara nyingi usiku kucha. Kule kutikisa hugonganisha kingo za majani bila kuumiza katikati. Kisha hukaangwa ili mabadiliko yasimame, husokotwa na kukaushwa. Zipo zinazoishia hapo. Nyingine hubanikwa juu ya mkaa au kwenye oveni kwa moto mdogo, saa nyingi, na tena baada ya wiki kadhaa.

Kwa hiyo ukishika pakiti yoyote, jiulize mambo mawili: jani limeachwa libadilike kiasi gani, na limebanikwa kiasi gani? Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia utumie maji gani na dakika ngapi, kuliko jina zuri lililochapwa juu.

Umbo nalo lina maana jikoni. Za Anxi, wilaya ya Fujian, na nyingi za Taiwan hufungwa kwenye kitambaa na kusokotwa mpaka ziwe punje ngumu, mfano wa mbaazi kavu. Za Wuyi, za milima ya Fenghuang mkoani Guangdong, na Baozhong hubaki vipande virefu vilivyojipinda. Punje huchukua muda kufunguka. Vipande huachia ladha papo hapo. Mtu anayezipika zote kwa muda mmoja atalalamika kwamba punje ni hafifu na vipande ni vichungu, na kosa halipo kwenye chai.

Meza ya kulinganisha

Vifaa ni vya nyumbani: vikombe vitatu vyeupe vya kauri vya ukubwa mmoja, visosi vitatu vya kufunikia, bakuli tatu ndogo nyeupe, chujio, kijiko na saa ya simu. Cha kununua ni mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kama ya sonara. Usiikwepe. Kijiko kimoja cha chai cha Dong Ding, ulongi ya Taiwan iliyosokotwa punje, kinakaribia gramu 3, lakini kijiko hicho hicho cha Da Hong Pao ya Wuyi, yenye vipande virefu vilivyolala ovyo ovyo, hakifiki hata nusu ya hapo. Ukipima kwa kijiko umelinganisha vijiko, hujalinganisha chai.

Pima gramu 3 kwa kila kikombe chenye mililita 150. Suuza vikombe kwa maji ya moto kwanza ili visinyonye joto. Mimina maji yanayochemka, funika kwa kisosi, acha dakika 5. Kama zote tatu ni za punje, acha 6. Kisha chuja kila moja kwenye bakuli lake, majani yabaki kikombeni. Majaji wa mashindano ya chai Taiwan hutumia kipimo kama hiki, na sababu yake ni kwamba hakimwonei huruma yeyote. Chai iliyopikwa vibaya kiwandani, iliyokaa sana au iliyounguzwa haiwezi kujificha ndani ya dakika tano za maji ya moto.

Anza na pua. Inua kisosi unuse upande wa chini, ambako mvuke umeganda. Kikiwa cha moto utapata makosa: ukungu, moshi, mkaa uliozidi. Kikipoa utapata yale mazuri: maua, matunda, asali. Ukishamaliza kunywa, nusa na bakuli tupu. Chai nzuri huacha harufu tamu chini ya bakuli kwa dakika kadhaa. Chai iliyotiwa manukato ya dukani huacha harufu ile ile ya pakiti, au haiachi kitu.

Kisha onja kwa kijiko, chai ikiwa vuguvugu, kwa kuifyonza pamoja na hewa mpaka itoe sauti. Mbele ya wageni ni utovu wa adabu, lakini hapa ndiyo kazi yenyewe, maana hewa ndiyo inayopandisha harufu puani kupitia nyuma ya koo. Anza na ya kijani zaidi, malizia na iliyobanikwa zaidi. Ukigeuza mpangilio, ile ya kijani itaonekana maji matupu. Tafuta mambo manne: uzito juu ya ulimi, uchungu, ukakasi kwenye mashavu, na ule utamu unaorudi kooni baada ya kumeza. Uchungu unaoondoka haraka na kuacha utamu si kasoro. Ukakasi unaobaki mdomoni kama umekula bibo bichi, huo ni kasoro.

Tuliokulia kwenye chai ya CTC tuna mazoea ya kupima ukali kwa rangi: ikiwa nyekundu nzito, imekolea. Kwa ulongi mazoea hayo yatakupotosha. Alishan, ulongi ya milimani Taiwan, yenye rangi ya samli iliyoyeyuka inaweza kuwa kali na nzito mdomoni kuliko ulongi ya kahawia iliyotiwa moto mwingi na majani machache. Funga macho, onja kwanza, rangi itazame baadaye.

Mwisho mwaga majani kwenye kisosi cheupe, uyanyunyizie maji baridi, uyafungue kwa vidole. Hapa ndipo chai husema ukweli. Dong Ding nzuri hufunguka ikawa kikonyo kizima chenye majani mawili au matatu, laini kama kitambaa, katikati ya kijani kibichi au kijani cha zeituni, pembeni na mstari mwekundu wa kahawia usiolingana, kama umechorwa kwa mkono. Huo mstari ni alama za usiku ule wa kutikiswa. Ukikuta punje nyeusi ambazo hazijafunguka baada ya dakika sita, ngumu kama ngozi kavu, jani limeunguzwa, na mara nyingi moto wa namna hiyo hutumika kufunika chai ya zamani au ya daraja la chini. Ukikuta vipande vidogo vidogo vilivyokatika, uchungu wa ghafla umepata maelezo yake.

Tieguanyin ya kijani ya Anxi inahitaji tahadhari hapa. Wapikaji wake wengi siku hizi huondoa kwa makusudi kingo nyekundu wakati wa kusokota, ili maji yatoke safi na ya kijani. Jani likifunguka huonekana limechanika pembeni, na hayo machaniko ni mtindo wa kazi, si ubovu.

Zipi zikae pamoja

Jozi inayofundisha upesi kuliko zote ni Tieguanyin mbili, ya kijani na ya kubanikwa, kutoka Anxi. Mti mmoja, wilaya moja, tofauti ni moto. Ya kijani hutoa harufu ya maua iliyo wazi. Wachina huitaja okidi, mtu wa Unguja atakumbuka mlangilangi. Ina uchachu mdogo mwishoni unaoburudisha. Iliyobanikwa huyageuza maua hayo kuwa karanga zilizokaangwa na sukari guru, na hukaa tumboni kwa upole. Ninapendelea ya kubanikwa kwa matumizi ya kila siku, kwa sababu haiharibiki haraka na haina kinyongo ukiisahau dakika moja zaidi. Ya kijani ikishafunguliwa ina miezi michache tu ya uzuri. Baada ya hapo hunuka nyasi kavu.

Jozi ya pili ni ya Taiwan: Alishan na Dong Ding. Chai za milimani Taiwan ni zile zinazolimwa juu ya mita 1,000. Baridi na ukungu huchelewesha jani kukua, likawa nene na lisilo na uchungu mwingi. Alishan isiyobanikwa ina unene wa siagi, na harufu ya maua meupe inayobaki kooni. Dong Ding hutoka Lugu, wilaya ya Nantou, mahali pa chini zaidi, na kwa desturi huachwa ibadilike zaidi kisha hubanikwa. Ikiwa ya kweli hunukia mahindi ya kuchoma na matunda yaliyokaushwa. Ila jina Dong Ding siku hizi hutumika kwa mtindo wa upishi wenyewe hata kama jani limetoka kwingine, hivyo muulize muuzaji: ni chai ya Lugu, au ni chai iliyobanikwa kwa mtindo wa Dong Ding?

Hapa inanibidi niseme juu ya Jin Xuan, ambayo huuzwa sana kama ulongi ya maziwa. Jin Xuan ni aina ya mchai iliyotolewa na kituo cha utafiti wa chai cha Taiwan mwaka 1981, ikaandikishwa kwa namba 12. Ina ulaini wa asili kama tui jepesi, na harufu ndogo ya maziwa inayojitokeza zaidi chai ikianza kupoa. Ndogo, nasisitiza. Ukifungua pakiti na chumba kizima kikanuka pipi ya maziwa, jani limetiwa manukato. Kujaribu ni rahisi: pika maji ya kwanza, ya pili na ya tatu. Manukato ya kutiwa huwa makali sana mara ya kwanza, yakapungua sana mara ya pili, na mara ya tatu huacha chai nyembamba isiyo na uso. Jin Xuan halisi huenda kinyume: maji ya kwanza ni ya aibu, ya pili na ya tatu ndiyo yenye ulaini. Hakuna ubaya kwa anayeipenda iliyotiwa manukato, mradi imeandikwa hivyo na bei yake ni ya hivyo.

Wuyi ni ulimwengu mwingine. Michai huota kwenye mabonde ya miamba, na chai yake huitwa chai ya mwamba. Linganisha Shui Xian na Rou Gui: ya kwanza ni nene, laini, ina harufu ya mbao na maua yaliyolala, ya pili ni kali, yenye kuchoma choma kama mdalasini, na ndivyo jina lake linavyomaanisha. Zote hubanikwa kwa mkaa, na zikitoka motoni huhitaji miezi kadhaa ya kupumzika. Ukiinywa mapema utaonja jivu na koo litakauka. Pakiti ikikupa ladha hiyo, usiitupe. Ifunge vizuri uirudie baada ya miezi mitatu.

Na Da Hong Pao? Ile michai sita ya asili kwenye jabali la Jiulongke haichumwi tena tangu 2006. Kinachouzwa kwa jina hilo ama kimetokana na vipandikizi vya michai hiyo, ama ni mchanganyiko wa chai za mwamba kadhaa uliopangwa na mpikaji hodari. Mchanganyiko mzuri ni chai nzuri kabisa. Muuzaji anayedai ana majani ya mti mama, mwache aende nayo.

Kwa wenye kupenda harufu kuliko yote, weka Dan Cong ya milima ya Fenghuang, karibu na Chaozhou mkoani Guangdong, kando ya Dongfang Meiren ya Taiwan. Dan Cong ya Mi Lan Xiang ina harufu ya asali na tunda ambalo sisi tungelifananisha na shokishoki lililoiva. Dongfang Meiren ina asali pia, lakini imetoka mahali pengine kabisa: kidudu kidogo cha kijani kinachorukaruka hufyonza chipukizi wakati wa kiangazi, mchai ukajitetea kwa kutengeneza kemikali zenye harufu, na mpikaji akazikuza kwa kuliacha jani libadilike sana. Kwa hiyo shamba hilo haliwezi kupigwa dawa ya wadudu wakati huo. Ukimuua mdudu umeiua chai. Jani lake kavu lina rangi nyingi, na ncha nyeupe nyeupe zenye manyoya. Kama ni jeusi tupu, bila ncha, punguza matumaini.

Baada ya mtihani, kila moja kwa njia yake

Dakika tano ni za mtihani. Kwa kunywa, majani mengi, chombo kidogo na muda mfupi ndio utaratibu unaolipa. Gaiwani, ile bakuli yenye kifuniko na kisosi, ya mililita 100 inatosha watu wawili. Kibuli kidogo cha mililita 150 kinafaa vile vile. Usiijaze gaiwani hadi juu, acha nafasi ya upana wa kidole, na uishike kwenye mdomo wake uliochanua. Wanaoungua vidole karibu wote wameijaza kupita kiasi.

Kwa punje tia gramu 5 au 6 kwa mililita 100. Maji ya kwanza sekunde 50, ya pili 30 kwa kuwa punje zimeshafunguka, ya tatu 40, kisha ongeza sekunde 10 au 15 kila mara. Si kama nazi, ambako tui la kwanza ndilo zito. Kwa chai za punje tui la pili na la tatu ndilo bora. Kwa Wuyi tia gramu 7, sekunde 10 hadi 15 mara tatu za kwanza, halafu ongeza polepole. Dan Cong ndiyo inayohitaji mkono mwepesi: gramu 6 au 7, mimina na kumwaga ndani ya sekunde 5 hadi 10, hadi tone la mwisho. Maji yakibaki chini ya majani huendelea kukoza, na maji yanayofuata hutoka machungu hata ukiyaacha sekunde tano tu. Kosa hilo ndilo linalowafanya watu waione Dan Cong chai ngumu.

Ulongi nzuri hutoa maji matano hadi saba, hivyo gramu 6 ni chai ya asubuhi nzima. Ukiipiga hesabu kwa kikombe, bei yake haitishi kama inavyoonekana kwenye pakiti.

Maji, na unapoishi

Ulongi nyingi hutaka maji ya kuchemka kabisa, na hapa mahali unapoishi pana neno. Kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kampala na Dodoma ni karibu 96, Kigali na Arusha 95, Nairobi na Mbeya 94, Eldoret 93. Mpenzi wa Rou Gui aliye Nairobi hawezi kuyapata maji ya 100 kwa birika lolote, na chai itatoka na harufu iliyofichama. Dawa ni kuokoa joto: pasha chombo kwa maji yanayochemka, yamwage, mimina mengine papo hapo birika likiwa bado linatokota, funika, na ongeza sekunde 10 au 15 kwenye kila mmimino. Kwenye kikombe kikubwa ongeza dakika nzima.

Kwa upande mwingine, Dongfang Meiren na Tieguanyin ya kijani hupenda nyuzi 85 hadi 92. Anayeishi nyanda za juu huacha birika dakika mbili na maji yako tayari. Wa pwani ayamimine kwanza kwenye jagi baridi la kauri, asubiri kidogo, ndipo ayatie kwenye chai.

Ugumu wa maji huharibu zaidi kuliko joto. Maji ya visima vya pwani, yanayopita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa. Utaiona kama magamba meupe ndani ya birika, na kwenye chai kama utando unaong'aa ukipasukapasuka juu. Harufu ya maua haifiki puani kwa maji hayo, na rangi hufifia ikawa ya matope. Maji ya chupa yaliyoandikwa TDS, yaani kiasi cha madini yaliyoyeyuka ndani yake, kati ya miligramu 50 na 150 kwa lita hutosha sana. Kabla hujailaumu chai, pika majani yale yale kwa maji ya bomba na ya chupa, vikombe viwili, ulinganishe.

Chemsha kwa kufunika ikiwa unatumia kuni au mkaa. Maji hushika moshi. Na sufuria ya chai ya maziwa ibaki kwa chai ya maziwa, maana mafuta na iliki havitoki kwa kusuuza tu. Tangawizi na iliki zina chai yake, ile CTC kali inayoweza kuzibeba pamoja na maziwa. Ukizitia kwenye Alishan utakunywa tangawizi na iliki.

Kazini, jua kali, na kitafunio

Ofisini hakuna nafasi ya gaiwani. Tia gramu 2 au 3 za chai ya punje kwenye bilauri ndefu ya mililita 300, mimina maji ya moto, subiri majani yazame, kunywa. Ikibaki theluthi moja ongeza maji, mara tatu au nne. Usiimalize hadi chini, ile theluthi ndiyo chachu ya maji yanayofuata. Dong Ding na Tieguanyin ya kubanikwa hustahimili. Dan Cong haistahimili. Kwenye chupa ya chai usiache majani ndani. Pika kwanza, chuja, ndipo utie, vinginevyo kufikia saa sita mchana utakuta uchungu mtupu.

Joto la Dar au Muscat linadai chai baridi. Gramu 5 kwa nusu lita ya maji baridi ya kunywa, ndani ya friji saa 6 hadi 8, chuja. Uchungu na ukakasi hutoka kidogo sana kwenye maji baridi, maua na utamu vikabaki. Alishan, Jin Xuan na Baozhong hung'ara hapa. Imalize siku hiyo au kesho yake.

Iliyobanikwa huenda na korosho, kashata za nazi, tende na halua. Za kijani nyepesi hazitaki mahamri ya iliki. Zipe kitu kisichonukia, kama mkate mtupu au vibibi visivyo na viungo. Usizinywe kali tumboni kukiwa kutupu, maana baadhi ya watu hupata kichefuchefu. Baada ya mboga za majani na maharage subiri saa moja hivi, kwa sababu chai hupunguza madini ya chuma ambayo mwili huchukua kwenye vyakula hivyo. Na kubanikwa hakuondoi kafeini. Anayekosa usingizi asidanganywe na rangi ya kahawia.

Kuitunza, na kuifufua

Adui ni unyevu, hewa, mwanga na harufu za jirani. Kabati lenye karafuu na bizari litaigeuza chai kuwa kiungo ndani ya wiki mbili. Gawa pakiti kubwa katika vifuko vidogo visivyopitisha hewa. Za kijani zikae kwenye friji zikiwa zimefungwa, na ukitoa kifuko usikifungue hapo hapo. Kiache saa kadhaa kifikie joto la chumba, la sivyo umande utaganda juu ya majani. Zilizobanikwa zinatosheka na kopo lenye kifuniko kigumu, mbali na jiko.

Pwani, hata kwa uangalifu wote, iliyobanikwa inaweza kulegea baada ya miezi: jani halivunjiki kwa sauti likiminywa, na maji yana uchachu kidogo. Ikiwa haina ukungu, inafufuka. Chukua sufuria nzito iliyooshwa bila sabuni ya kunukia na kukaushwa, tandika karatasi nyeupe ya kuokea, weka gramu 25 za majani, moto mdogo kabisa. Geuza kwa mkono bila kukoma, dakika 8 hadi 10. Mwanzoni utasikia harufu ya gunia, kisha ya mkate, na karanga zikianza kunukia ondoa mara moja, maana kutoka hapo hadi kuungua hakuna hata dakika. Tandaza kwenye sinia ipoe kabisa kabla ya kuifunga, na ipe siku tatu ndipo uipike.